Vipimo Mia Sita, Meno Kumi

Katika utafiti wa tiba ya meno umeota mizizi msimamo kwamba mbinu ya takwimu ni kitu cha kuchaguliwa mwishoni, data zikiwa zimekwisha kukusanywa, kwa kufuata jedwali ambalo wanafunzi wengi wa uzamili hulikariri kabla ya kuandika sura yao ya matokeo. Data zikifuata mgawanyo wa kawaida, yaani zikijipanga kwa umbo la kengele kuzunguka wastani, hutumika jaribio la t au uchanganuzi wa varianzi, ambao kazi yake ni kugawanya tofauti zote zilizomo katika data kulingana na vyanzo vyake. Zisipoufuata mgawanyo huo, hutumika mbinu za kupanga nafasi, kama ile ya Kruskal na Wallis ya mwaka 1952. Jedwali hilo huuliza data zina umbo gani na makundi ni mangapi, lakini haliulizi swali lililopaswa kutangulia yote mawili: kilichorudiwa hasa ni nini, jino au usomaji wa kipimajoto? Makala haya yanashikilia kwamba pale joto linapopimwa tena na tena ndani ya jino lilelile, jedwali hilo humpotosha mtafiti, na kwamba upotofu huo si wa makaratasi tu, kwa kuwa kinachoamuliwa kutokana nao hufika kinywani mwa mgonjwa.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Ni hapa nchini, katikati ya miaka ya 1980, ambako Jo Frencken na wenzake walianza kuiendeleza mbinu ya kutibu meno yaliyotoboka kwa vifaa vya mkono pekee, bila umeme wala mashine ya kuchimbia, mbinu ambayo Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa yote katika Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Katika mbinu hiyo, inayofahamika kwa kifupi kama ART, sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa kijiko kidogo cha chuma, kisha tundu huzibwa kwa saruji ya glasi-ayonoma, ambayo hushikamana na jino na kuganda yenyewe kwa mmenyuko wa kikemia. Udhaifu wa saruji hiyo ni kwamba haigandi haraka, na katika dakika zake za mwanzo mate huweza kuiharibu. Ndiyo maana watafiti wa nchi mbalimbali wamejaribu kuiharakisha kwa kuipasha joto kwa taa ya LED, ileile inayotumika kugandisha vizibo vya resini. Taa hiyo hutumia betri ya kuchajiwa na hutosha mfukoni, kwa hiyo hakuna kinachoizuia kufika katika kata kama Dutwa, kando ya barabara iendayo Bariadi, au katika zahanati yoyote ya Mkoa wa Simiyu. Mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya maeneo ya namna hiyo ndiyo inayoongezewa joto, na watu wa maeneo hayo wana haki ya kujua kama joto hilo ni salama.

Hofu yenyewe inaeleweka kwa urahisi. Chini ya tundu, nyuma ya tabaka la dentini ambalo mara nyingine halifiki hata milimita moja, kipo kiini cha jino, yaani tishu laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo imefungiwa ndani ya kuta ngumu na haina pa kuvimbia. Mwaka 1965 Zach na Cohen walionyesha, kwa meno ya kima aina ya rhesus, kwamba joto la kiini likipanda kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi, asilimia 15 ya viini havikupona, na likipanda kwa nyuzi 11.1, asilimia 60 havikupona. Tangu hapo namba 5.5 imekuwa mpaka unaotajwa katika karibu kila utafiti wa joto la kiini. Kwa mtoto wa mkulima wa pamba anayeishi mbali na daktari wa meno, jino ambalo kiini chake kimekufa chini ya kizibo kipya mara nyingi mwisho wake ni kung'olewa, na mzazi aliyempeleka mtoto kuzibwa jino hatakuwa na njia ya kujua kwamba taa ndiyo iliyoliua.

Jaribio lenyewe hufanyika hivi. Jino lililokwisha kung'olewa hukatwa mzizi, waya mwembamba wa kupimia joto uitwao themokapo huingizwa hadi ndani ya chumba cha kiini, nafasi iliyobaki hujazwa utomvu unaopitisha joto vizuri, na mzizi huzamishwa katika maji yaliyotulizwa kwenye nyuzi 37, ambazo ni joto la mwili. Saruji hupakiwa, taa huwashwa, na chombo huandika joto kila sekunde. Joto huanza kwa kusitasita, kwa kuwa dentini hupitisha joto polepole, kisha hupanda kwa kasi, hufika kileleni mara nyingi sekunde chache baada ya taa kuzimwa, ndipo hushuka taratibu. Jino moja likipimwa kwa dakika moja hutoa namba 60, na meno kumi hutoa namba 600. Faili la kompyuta hupokea safu 600, programu huambiwa kwamba sampuli ni 600, na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, hutoka ndogo kupindukia, naye msimamizi hufurahi.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo mhudumu wa zahanati yoyote ya kijiji asingelifanya. Kwenye mlango wa friji ya chanjo hubandikwa karatasi ambayo mhudumu huandika joto asubuhi na jioni, kuhakikisha kwamba halishuki chini ya nyuzi 2 wala kuvuka nyuzi 8. Mwisho wa mwezi karatasi hiyo ina namba 60, lakini hakuna mhudumu anayeripoti wilayani kwamba amekagua friji 60. Friji ni moja, na namba hizo zinasema mengi kuhusu friji hiyo na hazisemi lolote kuhusu friji ya zahanati jirani. Hali kadhalika mkulima wa Dutwa huchuma pamba ya shamba lake kwa awamu kadhaa, kwa sababu vitumba havipasuki siku moja, na kila awamu hutenga safi na fifi kabla ya kupeleka mzigo kwenye mizani. Akishapima mara nne hadai kwamba ana mashamba manne. Kanuni hiyo ndiyo iliyojengewa hoja na Ronald Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, na ndiyo inayoongoza majaribio ya mashamba hadi leo, yakiwemo ya mbegu za pamba katika kituo cha Ukiriguru, mkoani Mwanza: kinachohesabiwa kuwa sampuli ni kile kilichopewa tiba, si mara ngapi kilitazamwa.

Ukubwa wa kosa hilo unaweza kukokotolewa. Kiasi ambacho vipimo vya jino moja vinafanana kuliko vipimo vya meno tofauti huelezwa kwa namba iliyo kati ya 0 na 1. Chukuliwe, kwa mfano, kuwa namba hiyo ni 0.9, jambo lisilo la ajabu kwa joto linalosomwa kila sekunde. Kanuni ya wanatakwimu ni kuzidisha namba hiyo kwa idadi ya vipimo vya jino moja pungufu kwa kimoja, kisha kujumlisha moja: 59 mara 0.9, jumlisha 1, ni 54.1. Vipimo 600 vikigawanywa kwa 54.1 hubaki kama 11. Kwa swali la kulinganisha viwango vya joto vya makundi ya meno, namba zote 600 zina uzito wa takriban vipimo 11 vilivyo huru, yaani visivyotegemeana, na mtafiti aliyezihesabu kuwa 600 ameipunguza kingo ya makosa yake zaidi ya mara saba. Kuhama kutoka uchanganuzi wa varianzi kwenda mbinu ya Kruskal na Wallis hakumwokoi, kwa kuwa mbinu hiyo nayo hudai vipimo viwe huru; jedwali limemwelekeza kutoka mlango mmoja kwenda mwingine wa nyumba ileile.

Isidhaniwe kwamba kosa hilo huelekea upande mmoja tu. Mtafiti akijaribu taa mbili kwa zamu kwenye jino lilelile, kufanana kwa vipimo vya jino hilo humsaidia, kwa sababu unene wa dentini, ambao hutofautiana sana kati ya jino na jino, hubaki uleule kwa taa zote mbili na hujifuta anapotoa kimoja kwenye kingine. Kama kiwango cha kufanana ni 0.8, varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko, ya tofauti kati ya taa hizo hushuka hadi moja ya tano ya ile ambayo ingepatikana kwa kutumia meno tofauti. Anayefuata jedwali bila kuuliza kipi kilirudiwa huyachanganua meno hayo kana kwamba ni makundi mawili yasiyojuana, na hivyo hutupa faida aliyoigharimia kwa jasho, kisha huandika kwamba hakuna tofauti iliyoonekana. Msimamo uliozoeleka hubuni ushahidi usiokuwapo na pia hufukia ushahidi uliopo, kutegemea tu namna meno yalivyogawanywa.

Wenye msimamo huo hujibu kwamba jedwali limekwisha kuboreshwa: safu ya vipimo vya kurudiwa imeongezwa, na humo imeandikwa uchanganuzi wa varianzi wa vipimo vya kurudiwa. Hiyo ni hatua, kwa kuwa mbinu hiyo hulitambua jino, lakini ina sharti lake, liitwalo sferisiti, kwamba varianzi ya tofauti kati ya nyakati zozote mbili iwe sawa. Katika joto la jino sharti hilo huvunjwa na maumbile ya jaribio lenyewe, kabla ya namba yoyote kusomwa. Meno yote huanzia nyuzi 37 kwa sababu yametulizwa ndani ya maji, hivyo sekunde ya kwanza hayatofautiani. Kadiri taa inavyoendelea kuwaka, lenye dentini nyembamba huliacha nyuma lenye dentini nene, na tofauti kati ya sekunde ya 0 na ya 40 hutawanyika mno kuliko tofauti kati ya sekunde ya 0 na ya 5. John Mauchly, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waundaji wa kompyuta ya ENIAC, alitoa jaribio la kupima sharti hilo mwaka 1940, na Greenhouse na Geisser walitoa sahihisho lake mwaka 1959. Sahihisho hilo hurekebisha thamani ya p, lakini haliwezi kurekebisha swali. Swali linalojibiwa na mbinu hiyo ni kama wastani wa joto ni sawa katika nyakati zote, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na shaka kwamba jino lililomulikwa hupata joto.

Wapo pia wanaofanya jaribio la t katika kila sekunde na kuweka nyota juu ya grafu pale p inapokuwa chini ya 0.05. Sekunde zilizofuatana hubeba habari ileile, kwa hiyo nyota kumi zilizopangwa mstari mmoja si uthibitisho kumi bali ni mmoja ulionakiliwa.

Lakini hoja nzito kuliko zote dhidi ya msimamo huu haihusu thamani ya p hata kidogo. Inahusu ule mstari mmoja wa wastani unaochorwa katikati ya grafu na kulinganishwa na mpaka wa 5.5. Yachukuliwe meno matatu, ambayo kila moja hufikia kilele cha nyuzi 6 juu ya joto la mwanzo, la kwanza katika sekunde ya 30, la pili ya 40, la tatu ya 50, kwa kuwa unene wa dentini hauchelewishi joto kwa kiasi sawa katika kila jino. Iwe pia kwamba kila jino, sekunde 10 kabla au baada ya kilele chake, lipo kwenye nyuzi 4.5, na sekunde 20 kabla au baada, kwenye nyuzi 3. Katika sekunde ya 30 wastani wa 6, 4.5 na 3 ni 4.5. Katika sekunde ya 40 wastani wa 4.5, 6 na 4.5 ni 5. Katika sekunde ya 50 ni 4.5 tena. Katika nyakati hizo tatu, mstari wa wastani haukugusa 5.5 hata mara moja, na ripoti itaandika kwamba taa hiyo ni salama, ilhali hakuna hata jino moja kati ya hayo matatu ambalo halikuvuka mpaka. Mstari huo wa wastani si wa jino lolote. Hakuna kiini cha mtu kilichowahi kupitia joto hilo, na bado ndio unaotumika kumwambia tabibu wa Bariadi kwamba awashe taa bila wasiwasi.

Dawa ya kosa hilo ilikwisha kuandikwa zamani. Mwaka 1990 Matthews, Altman, Campbell na Royston walieleza katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba vipimo vya mfululizo vichanganuliwe kwa kumpa kila mhusika, na hapa kulipa kila jino, namba moja au mbili zinazojibu swali la kitabibu, kisha namba hizo ndizo zilinganishwe kwa mbinu za kawaida. Kwa joto la kiini namba hizo zinajulikana: kilele cha jino, sekunde ambazo jino lilikaa juu ya 5.5, na eneo lililo chini ya mkunjo, ambalo hujumlisha kimo cha joto na muda wake. Muda una haki ya kuingia, kwa kuwa mpaka wenyewe wa 5.5 haukuteremka kutoka mbinguni: Baldissara na wenzake waliripoti mwaka 1997 meno ya binadamu yaliyopandishwa joto kwa wastani wa nyuzi 11.2 bila kiini kuonyesha madhara, tokeo linalomlazimu mtafiti makini kusema ni joto gani, kwa muda gani, na limepitia wapi, badala ya kuabudu namba moja.

Mtafiti akishafika kwenye namba za kila jino ndipo huona udogo wa ushahidi alionao, na hilo pengine ndilo linalofanya njia hii ichukiwe. Iwapo meno kumi yamepimwa na hakuna lililovuka mpaka, sehemu halisi ya meno yatakayovuka katika kliniki bado inaweza kuwa kubwa kiasi cha asilimia 26, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Ili mtu aseme kwa uhakika huo kwamba wasiozidi asilimia 5 ndio watakaodhurika, anahitaji angalau meno 59 ambayo hakuna hata moja lililovuka. Kusoma joto mara mbili kwa sekunde badala ya mara moja hakubadilishi hesabu hiyo hata kwa nukta, wala kununua chombo cha bei kubwa zaidi.

Watetezi wa jedwali wana hoja ambayo haifai kupuuzwa, nayo ni kwamba kulipa jino namba moja ni kutupa habari zilizomo katika mkunjo. Ni kweli kwamba kitu hutupwa. Lakini kinachotupwa ni kile ambacho swali halikukiuliza, na mtafiti anayetaka kuuhifadhi mkunjo wote anayo njia halali, yaani modeli mseto, ambayo Laird na Ware waliieleza mwaka 1982. Modeli hiyo hukadiria mwenendo wa pamoja wa meno yote na wakati huohuo hulipa kila jino mwanzo wake na kasi yake, huvumilia vipimo vilivyokosekana, na huweza kutambua kwamba meno mawili yaliyotoka kinywani mwa mtu mmoja ni ndugu. Hoja nyingine ni kwamba mbinu hizo ni za vyuo tajiri vyenye programu za kulipia. Hoja hiyo imepitwa na wakati, kwa sababu programu ya R hupatikana bure, na njia ya namba moja kwa kila jino haihitaji hata hiyo: kilele ni namba kubwa kuliko zote katika safu, muda juu ya mpaka ni kuhesabu safu, na eneo chini ya mkunjo ni kujumlisha, kazi ambazo mwanafunzi wa sekondari mwenye kikokotoo huzimudu. Wanaodai kwamba majarida huitaka mbinu fulani wanayasingizia majarida, maana mhakiki mwenye ujuzi wa takwimu huuliza kwanza idadi ya meno na idadi ya watu walioyatoa.

Lililobaki ni la wale walio na mamlaka juu ya pendekezo la utafiti kabla halijawa data: wasimamizi wa tasnifu, kamati za maadili, na bodi za vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno. Wao wasipokee pendekezo la kupima joto la kiini ambalo halisemi, katika sura ya mbinu na si katika sura ya matokeo, ni meno mangapi, yametoka kwa watu wangapi, ni namba ipi itakayolipwa kila jino, na mpaka gani utahesabiwa kuwa umevukwa. Na mtafiti ambaye tayari ana faili la safu mia sita mezani pake, kabla hajafungua orodha ya majaribio ya programu yake, aongeze safu mbili, moja ya namba ya jino na moja ya namba ya mtu lilikotoka, kisha achore mkunjo wa kila jino peke yake, yote kumi kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo auchapishe katika ripoti ili tabibu atakayeshika taa aone ni mikunjo mingapi iliyovuka mpaka.